Maandalizi ya Idd Mpakani Horohoro: Kipimo cha Usiku na Mchana

  

Ndugu Waislamu, ukisimama Horohoro, wilayani Mkinga, katika kumi la mwisho la Ramadhani, utaona watu wanavuka kwenda Lunga Lunga na wengine wanakuja huku, kila mmoja na mzigo wake. Huyu anatafuta kanzu za watoto, yule mchele na mafuta. Wengi nyuso zao zimekunjamana kwa deni na haraka. Je, sheria imemtaka Muislamu maandalizi ya kiasi gani? Tuitazame historia ya mpaka huu, kisha turejee kwa mafaqihi.

Mpaka wenyewe si wa kale. Uliwekwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Wadigo wakagawanywa, huku Moa na Jasini, kule Vanga na Lunga Lunga. Hata hivyo, ukoo haukukatika. Watu waliozeshana, walizikana na walitembeleana siku za Idd.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ukabaki hivyo hadi Novemba 1983. Idd el-Fitr ya kwanza ndani ya kipindi hicho ilikuwa ya mwaka 1397 Hijria, Septemba 1977, na ya mwisho ya mwaka 1403, Julai 1983. Hizo ni Idd el-Fitr saba. Katikati yake vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake uhaba mkubwa wa sukari, sabuni na nguo. Watu walipanga foleni kwa kilo moja ya sukari. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na aliyekutwa na bidhaa za magendo alikuwa hatarini.

Hatusemi kwamba dhiki ile ilikuwa neema. Ilikuwa dhiki. Lakini tuzingatie: katika miaka yote saba, ni nguzo gani ya Idd iliyokosekana? Takbira zilisomwa, Swala ilisaliwa, Zakatul-Fitr ilitolewa. Nguo ya mwaka jana ilifuliwa ikavaliwa. Kilichopungua kilikuwa sokoni, na kilichoumiza zaidi kilikuwa jamaa wa kule ng'ambo kutofikika. Mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, na kuanzia Novemba 1985, katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, milango ilifunguka zaidi. Bidhaa zikarudi. Leo tuna barabara ya lami hadi mpakani, na wasiwasi wa Idd haukuondoka. Basi asili yake si uhaba wa bidhaa. Ni kutojua kipimo.

Kipimo kipo. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana pwani yetu, ni nani asiyewajibikiwa na Zakatul-Fitr kwa kukosa uwezo. Ni yule asiyebakiwa na ziada juu ya chakula chake na cha anaowalisha kwa usiku wa Idd na mchana wake. Maskani anayoyahitaji nayo hutolewa katika hesabu, na washereheshaji wakataja mavazi yanayomstahiki. Angalieni: usiku mmoja na mchana mmoja. Mafaqihi hawakuhesabu mapazia mapya wala viatu vya pili.

Wala uislamu haukukataza pambo. Imepokewa na Bukhari kwamba Umar (R.A.) aliona joho la hariri sokoni, akamshauri Mtume (S.A.W.) alinunue ajipambe nalo kwa Idd na kupokea wajumbe. Mtume alilikataa kwa sababu ya hariri, hakulikataa pambo la Idd. Ndipo wanachuoni wakasema ni sunna kuvaa kilicho bora katika ulichonacho. "Ulichonacho" ndilo neno la kushika.

Kwa hiyo tupange mambo hivi:

Kwanza, nguo na vyombo vishughulikiwe Shaabani au mwanzo wa Ramadhani, kabla fundi cherehani hajaelemewa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba kumi la mwisho lilipoingia Mtume alikaza shuka yake, akahuisha usiku na kuwaamsha ahli zake. Atakayekesha dukani ataupata wapi usiku wa Lailatul-Qadri?

Pili, mwezi huweza kuandama jioni ya tarehe 29. Asitegemee mtu siku ya thelathini.

Tatu, pishi ya Zakatul-Fitr, yaani vibaba vinne vya chakula kikuu cha mji, itengwe kabla ya kununua chochote. Bora itolewe asubuhi ya Idd kabla ya Swala, lakini kwa Shafii yafaa kuitanguliza tangu mwanzo wa Ramadhani. Maskini naye ana maandalizi. Akipewa mapema, naye hapati dhiki.

Nne, anayebadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Tanzania akabidhiane mkono kwa mkono, hapo hapo. Kusema "nipe leo, nitakuletea baada ya Idd" huingiza riba katika furaha ya ibada.

Tano, kazi za nyumbani wasiachiwe mama na mabinti peke yao. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia ahli zake, na Swala ikifika alitoka.

Ndugu zangu maimamu, haya yasemwe katika hotuba za Shaabani, yasingojwe hadi Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, wakati fedha imeshatumika na deni limeshaandikwa. Mzazi aliyenacho chakula cha usiku ule na mchana wake, na vazi safi la mwanawe, ameshajiandaa. Asione haya mbele ya jirani. Kinachozidi hapo ni ukunjufu kwa mwenye wasaa, na kinachokopwa kwa kushindana ni mzigo utakaobaki hadi Mfungo Tatu.

Wallahu a'lam.