Neno "run" lilivyonusurika kunifukuzisha kazi

Najua nimekuwa kimya wiki tatu, zamu za usiku zimenibana, msinilaumu. Juzi mdogo wangu aliniuliza kwenye simu, "Kaka, hivi Kiingereza bado kinakusumbua na miaka yote hiyo?" Nikacheka. Maneno marefu hayana shida, yanayonitoa jasho ni yale mafupi. Leo nawapa kisa ambacho hata Mama sijawahi kumsimulia.

Mwaka wangu wa kwanza hapa London nilipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Asubuhi moja msimamizi akapita haraka haraka, akasema kitu chenye "run", chenye "bath", na jina la mzee wa chumba cha mwisho. Mimi na Kiingereza changu cha Form Four: "run" ni kukimbia, "bath" ni kuoga. Nikaelewa mzee akimbizwe kuoga! Basi nikamkokota korido nzima na fimbo yake, yeye anahema, mimi namhimiza. Mlangoni akateleza, nikamdaka kwapani. Kumbe nilikuwa nimeambiwa nifungulie bomba, maji ya moto yajae, mzee aje baadaye taratibu. Nikaitwa ofisini. Barua ya onyo, na majaribio yakaongezwa miezi mitatu. Usiku ule sikulala, maana ada ya shule ya huyo huyo mdogo wangu ilikuwa inatoka kwenye mshahara ule.

Aliyenitetea nisifukuzwe ni mzee mwenyewe. Aliwaambia kwamba tangu astaafu hakuna mtu aliyemwamini kuwa bado anaweza kukimbia. Alikuwa mpiga chapa wa magazeti pale Fleet Street, akaniambia siku ya mapumziko niende Gough Square, nyuma ya mtaa ule, nikamwone mwenzangu aliyeteswa na maneno mafupi.

Nikaenda. Nyumba namba 17, ya matofali, leo ni makumbusho. Samuel Johnson alihamia humo mwaka 1748, na chumba cha juu kabisa chini ya paa ndicho alichoandikia kamusi yake iliyotoka Aprili 1755. Alikuwa ameahidi miaka mitatu, ikamla karibu tisa. Wanakili wake walikuwa sita, watano kati yao Waskoti (Waingereza hawapendi kukumbushwa hilo). Hakukaa akabuni maana kichwani. Alisoma vitabu, akapigia mstari sentensi, wanakili wakazihamishia kwenye vikaratasi, halafu akazipanga kwa maana. Alipofika kwenye "take", neno la herufi nne, akapata maana 134.

Humo humo nikakutana na mtu ambaye shuleni hatukufundishwa: Francis Barber. Alizaliwa utumwani Jamaica, akaletwa Uingereza akiwa mtoto, na mwaka 1752 akaingia nyumba ile kumtumikia Johnson, siku chache baada ya mzee yule kufiwa na mkewe. Johnson alimsomesha, na alipofariki mwaka 1784 wosia ulimtaja Barber kama mrithi wake mkuu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye kamusi yenyewe.

Waingereza hawakuishia kwa Johnson. Mwaka 1879, Mill Hill, kaskazini mwa London, mwalimu mmoja Mskoti (tena!) jina lake James Murray alijenga kibanda cha mabati uani kwa shule aliyofundisha, akaomba watu wa kawaida wamtumie sentensi kwa posta. Vikaratasi vikamiminika. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ya mwisho 1928, Murray mwenyewe alishafariki 1915. Ndiyo hiyo kamusi kubwa ya Oxford. Katika toleo lake la pili, la mwaka 1989, neno lililoshika nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", maana zipatazo 430. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba "run" imelipita: maana 645, kwa kitenzi peke yake! Mhariri Peter Gilliver alilishughulikia miezi tisa. Miezi tisa jamani, mtu na neno moja, kama mimba.

Zimetoka wapi zote hizo? Nyingi zimeletwa na mashine. Mtu alikimbia kwanza, maji yakafuata, halafu zikaja injini, treni, viwanda, na sasa kompyuta, vyote "vinakimbia". Duka nalo "linakimbizwa" na mwenyewe. Mmarekani akigombea ubunge "anakimbia", Mwingereza "anasimama". Hapo sina la kusema.

Lakini kabla hamjawacheka, hebu fikirieni "piga" yetu. Tunapiga simu, picha, pasi, kura, hodi, deki, magoti, mswaki, miayo, na hakuna anayeumia. Krapf aliyefika Mombasa 1844, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa hapa hapa London mwaka 1882, lazima naye alikuna kichwa.

Nimejaribu kuhesabu "piga" nikiwa kwenye basi la kurudi kazini, nikafika 31 kituo kikanipita. Shangazi, wewe ndiye mwenye maneno, niandikie za Tanga nilizosahau.