Tunda linalonuka la mwaka 1696 na kidonge cha tezi dume kinachouzwa leo

Septemba 1696 meli iliyotoka Jamaica kuelekea Philadelphia ilipigwa na dhoruba ikakwama pwani ya Florida. Ndani alikuwemo mfanyabiashara mmoja, mkewe na mtoto wao mchanga, pamoja na mabaharia na watumwa. Wenyeji wa pwani ile waliwanyang'anya mali zao, ila chakula waliwapa: matunda madogo meusi ya mti wa jamii ya mnazi. Jamaa wakaonja. Wakatema wote! Kwenye kitabu chake cha mwaka 1699, mfanyabiashara yule aliifananisha ladha ile na jibini iliyooza na tumbaku. Huyo ni mtu aliyekuja kuwa meya wa Philadelphia, sio mropokaji wa kijiweni.

Sasa tunda hilohilo ndilo linalouzwa leo kwenye makopo yaliyoandikwa saw palmetto, kwa ajili ya tezi dume na, kwa vijana, nywele zinazokatika. Mti wenyewe ni ndugu wa mnazi na mchikichi lakini ni kichaka tu, mara nyingi haupiti urefu wa mlango, na vikonyo vya majani yake vina meno kama msumeno. Wenyeji wa Florida walikuwa wanayala matunda yake kama chakula cha kawaida, karne nyingi kabla ya meli ile.

Ilikuwaje chakula kikageuka dawa? Mwaka 1879 daktari mmoja wa mji wa Savannah, jimbo la Georgia, aliandika kwenye jarida la wafamasia kwamba wanyama wanaokula matunda hayo wananenepa. Akaona na binadamu yatawafaa. Habari ikasambaa, na mwaka 1906 tunda likaingia kwenye orodha rasmi ya dawa ya Marekani. Miaka kumi baadaye likatolewa.

Ulaya ndiko lilikopata maisha mapya, hasa Ufaransa na Ujerumani, ambako dondoo la mafuta yake lilianza kuandikwa na madaktari kwa wanaume wenye tezi dume iliyotanuka. Na hapa tusidharau, hoja ilikuwepo. Mwilini kuna kimeng'enya kinachobadilisha homoni ya kiume kuwa aina yenye nguvu zaidi, na hiyo ndiyo inayoikuza tezi. Maabara ilionyesha kwamba dondoo lile linakizuia kimeng'enya hicho. Homoni hiyohiyo inahusika na upara, ndio maana wauza nywele nao wamo kwenye msafara.

Mwaka 1998 watafiti walijumlisha majaribio 18 yenye wanaume karibu 3,000, wakasema tunda linasaidia mkojo kutoka vizuri. Biashara ikapaa. Tatizo ni kwamba mengi ya majaribio yale yalikuwa mafupi. Halafu kuna ile harufu. Ukimpa mtu kidonge kinachonuka na mwenzake kisichonuka, kila mmoja anaweza kuhisi amepewa nini, na mtu anayejua amekunywa dawa huanza kujisikia nafuu hata kabla haijafanya kazi.

Kwa hiyo mwaka 2006 watafiti wa California walitengeneza vidonge hewa, yaani visivyo na dawa ndani, wakavitia kimiminika kichungu cha mafuta-mafuta chenye rangi ya kahawia ili visitofautiane na vile vya kweli. Wanaume 225, mwaka mzima. Matokeo? Hakuna tofauti. Wapo waliolalamika kwamba dozi ilikuwa ndogo. Mwaka 2011 likaja jaribio lingine la wanaume 369, dozi ikapandishwa hadi mara tatu ya kawaida kwa wiki 72. Bado vidonge hewa vikatoka sare na tunda.

Kwa upande wa usalama halina balaa kubwa, wengi wanaolalamika husema tumbo tu. Hatari iko kwingine. Mzee anayeamka usiku mara nne na kusimama chooni dakika tano bila mkojo kutoka anaweza kuwa na tezi iliyotanuka tu, na pia anaweza kuwa na saratani, na dalili za mwanzo hazitofautishi. Mwanawe akimletea kopo badala ya kumpeleka kupimwa, miezi sita inakatika huku wote wakiamini dawa inafanya kazi.

Huko Florida matunda yanaendelea kuchumwa kwa mkono porini, mengi na wahamiaji wa kipato cha chini, kwenye vichaka wanamojificha nyoka. Dubu weusi wanayategemea pia. Bei ilipopanda, watu wakaanza kuvamia mashamba ya wengine, hadi mwaka 2018 jimbo likaamua kwamba hakuna kuchuma ya kuuza bila kibali cha serikali na ruhusa ya mwenye ardhi.