Kofia ya Kaisari kwenye rupia

Chukua rupia ya mwaka 1890, ile ya fedha iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm wa Pili, masharubu yamechongoka, kofia ya chuma kichwani na tai ametua juu yake. Pembeni: GUILELMUS II IMPERATOR. Hicho ni Kilatini, jamani. Mjerumani anaitaka Lindi, lakini kwenye sarafu anajitangaza kama mtawala wa Roma.

Na Waroma nao waliazima. Walipoanza kutoa sarafu za fedha, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, walitaka zipokelewe kusini mwa Italia, kwenye miji ya Wagiriki. Basi wakafuata uzito uliozoeleka huko na uchongaji wa huko huko: Mars mwenye ndevu na kofia ya vita, nyuma kichwa cha farasi. Ukifuta neno ROMANO, unaweza kudhani imetoka Metapontum.

Wajerumani walifanya vilevile. Rupia yao ilikuwa na gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, kwa sababu pwani ilishaizoea mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Iligawanywa kwa pesa 64, kama India. Pesa yenyewe, ya shaba, waliiandika Kiarabu na mwaka wa hijria. Kilichokuwa chao hasa ni ile sura. Riyali ya Sultani Barghash ya 1882 haikuwa na sura ya mtu, ni maandishi matupu, na kwa macho yangu ndiyo nzuri zaidi.

Sasa panda kutoka Lindi kwenda bara, Ruangwa na Nachingwea. Huko rupia haikuletwa na biashara peke yake. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, na Mmwera mwenye mtama ghalani akajikuta anadaiwa kitu kisichoota shambani. Auze nta, auze mpira wa porini, au akafanye kibarua. Uzuri wa mchongo wa kofia ile ulimhusu nini? Kwake ilikuwa deni. Mwaka 1905 Maji Maji ilipofika upande huo, misheni ya Nyangao ikachomwa. Kodi haikuwa sababu pekee, kulikuwa na pamba ya kulazimishwa na viboko vya maakida, lakini ilikuwemo.

Mwaka mmoja kabla ya vita serikali ilikuwa imebadilisha hesabu: rupia moja, heller 100. Kaisari akabaki na kofia yake kwenye fedha. Heller ilikuwa kisarafu cha shaba, cha thamani ndogo, na ndiyo iliyoingia midomoni mwa watu ikawa "hela". Waingereza wakaleta shilingi mwaka 1921, robo tu fedha. Zile zilizotolewa kuanzia 1948, wakati mradi wa karanga unafyeka misitu ya Nachingwea, hazikuwa na fedha hata chembe. Vibarua waliolipwa kwazo waliziita hela vilevile.