Nakala Wakilishi: Msaada wa Laptopu Ndogo

Wapiga video wa Kericho na Bomet wanaijua taabu hii. Koito, sherehe ya uchumba ya Wakipsigis, imerekodiwa kwa simu kutwa nzima huko Litein na picha ni safi, lakini zikifika kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8 zinaganda: wimbo unaendelea, wachezaji wamesimama pale pale. Lawama huangukia programu, na mwenye kazi huanza kutafuta ya bei ghali.

Mara nyingi shida iko kwenye faili. Simu inayorekodi kwa H.265, mtindo wa kubana video, huhifadhi picha chache tu zikiwa kamili. Zilizobaki huandikwa kama mabadiliko, na kompyuta huzikokotoa upya kila mhariri anaporudi nyuma hata sekunde mbili. Kwa iPhone, dakika moja ya 4K yenye fremu 30 kwa sekunde ni takriban MB 170, kwa hiyo saa moja hupita GB 10. Mashamba ya chai nayo, yenye majani mengi madogo yanayotikiswa na upepo, ni miongoni mwa mandhari ngumu kubana.

Dawa yake ni ile ambayo mafundi huiita proksi. Kiswahili chake kizuri ni nakala wakilishi. Mkulima mwenye hisa katika kiwanda cha chai kinachosimamiwa na KTDA ataelewa upesi: asipofika kwenye mkutano mkuu, anaweza kumtuma mwakilishi, na kura ikahesabiwa kuwa yake. Programu hutengeneza nakala ndogo ya kila video. Mhariri hukata na kupanga kwa nakala hiyo, kisha wakati wa kutoa kazi programu huirudia faili asilia. Wapo wanaosema “nakala nyepesi”, lakini jina hilo hutaja uzito tu, na asilia inasahaulika. Atakayeifuta asilia mapema atabaki na picha hafifu.

Kdenlive na Shotcut ni za bure na zote hutengeneza nakala wakilishi. DaVinci Resolve ina toleo la bure pia, ingawa hudai kadi nzuri ya michoro. Toleo la Studio huuzwa dola 295, mara moja tu. Adobe Premiere Pro nayo hutengeneza nakala wakilishi, ila hulipiwa kila mwezi au mwaka. Kwa anayepata kazi nyingi Agosti na Desemba, malipo hayo yatamfuata hata Machi, studio ikiwa tupu.

Studio ndogo ya Litein au Silibwet ianze na Kdenlive, iwashe nakala wakilishi, na pesa ambayo ingelipia programu inunue diski ya SSD, kwa sababu nakala hizo nazo hula nafasi.