Ndege ya 32,000: Fastjet ilivyokuja, ikawika, ikazimika

Tarehe 29 Novemba 2012 ndege mbili zenye rangi ya njano na kijivu zilianza kazi Dar es Salaam, moja ya Mwanza na nyingine ya Kilimanjaro. Bei ya kuanzia ilikuwa Sh 32,000 kabla ya kodi. Watu wengi walidhani ni utapeli. Mtu aliyezoea kuamka saa tisa usiku kuwahi basi Ubungo, akae kwenye siti siku nzima mpaka kiuno kife ganzi, leo anaambiwa atafika Mwanza kwa saa moja na nusu na chenji inabaki?

Basi nyomi ikaanza. Kampuni yenyewe ilisema zaidi ya theluthi moja ya abiria wake wa mwanzo walikuwa hawajawahi kupanda ndege maishani. Mama wa biashara Kariakoo, mwanafunzi wa chuo, babu anayeenda hospitali, wote mstari mmoja, wengine wanamwangalia wa mbele anavyofunga mkanda ili wasiaibike. Hilo ndilo jambo kubwa Fastjet ililofanya nchini, na ni vizuri lisemwe kabla ya kuingia kwenye madeni.

Mchongo wenyewe haukuzaliwa hapa. Marekani, Southwest ilianza kuruka ndani ya Texas mwaka 1971 na ikafundisha dunia siri moja: ndege iliyoegeshwa chini haiingizi hela. Ishushe watu, pakia wengine, iondoke. Uingereza, easyJet ilianza 1995 pale Luton ikiwa na ndege mbili za kukodi, ikauza safari ya Scotland kwa pauni 29 na kutangaza kwamba nauli ni sawa na bei ya suruali ya jinzi. Tajiri mwenye asili ya Cyprus aliyeanzisha easyJet ndiye baadaye alikuwa nyuma ya jina la Fastjet. Kwa upande wetu njia ilishafunguliwa na Fly540 ya Kenya, ambayo jina lake lilitokana na nauli ya Sh 5,540 za Kenya, kwenda na kurudi Nairobi–Mombasa. Fastjet iliingia Tanzania kwa mgongo wa leseni ya Fly540.

Sasa piga hesabu kidogo. Airbus A319 ya Fastjet ilikuwa na siti 156. Kila mtu akilipa 32,000 unapata kama milioni tano, na hapo hujagusa mafuta, kodi ya ndege, marubani wala matengenezo. Hailipi hata kidogo. Ndiyo maana siti za bei hiyo zilikuwa chache, za waliowahi. Ukisubiri mpaka kesho kutwa ndiyo safari, unalipa mara kadhaa ya jirani yako wa siti ya pembeni, na ugali wa ugomvi unaanzia hapo. Begi nalo lina bei yake. Ukichelewa, ndege haikusubiri na hela hairudi. Wabongo walilalamika sana, hasa wale waliotoka Mwanza na ndoo ya sato wakaambiwa walipie mzigo. Lakini ndivyo mfumo ulivyo: wa mwisho anamlipia wa kwanza.

Tatizo ni kwamba mfumo huu unataka ndege ifanye kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku. Fastjet ilipeleka ndege Mbeya, kwenye uwanja wa Songwe uliofunguliwa Desemba 2012, na kwa miaka uwanja huo haukuwa na taa za kutulia usiku. Jua likizama, biashara imefungwa. Bado VAT ya asilimia 18, bado tozo ya kila abiria uwanjani. Ulaya kuna viwanja vidogo vinavyobembeleza kampuni za bei poa zije. Hapa huna pa kukimbilia, uwanja ni huohuo mmoja.

Halafu dola. Abiria analipa shilingi, mwenye ndege anadai dola, muuza mafuta naye dola. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa kama Sh 1,700, mwisho wa mwaka imepita 2,100. Ukiwa na biashara ya faida nyembamba namna hiyo, umeshaliwa kabla hujafungua mlango. Kampuni ikahamisha makao makuu kutoka Uingereza kwenda Johannesburg, ikaachana na Airbus, ikachukua Embraer ndogo zaidi. Wakati huohuo serikali iliamua kuifufua ATCL: Bombardier mbili mwaka 2016, Dreamliner Julai 2018. Kushindana na mwenye hazina si mchezo.

Novemba 2018 wazungu wakauza hisa zao za Tanzania, na kampuni ikaangukia kwa mfanyabiashara mzawa aliyewahi kuwa waziri. Mwezi uliofuata Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatangaza notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, sababu kubwa ikiwa madeni. Safari zikafutwa.

Angalia tarehe ilivyokuwa mbaya. Katikati ya Desemba! Kila anayejua mji huu anajua Desemba Wachaga wanapanda Moshi, na nusu ya Dar inabaki tupu. Watu walishakata tiketi za Kilimanjaro miezi kabla, maana ndiyo njia ya kupata bei ya chini, wakauza viti vyao vya basi akilini. Ghafla wanarudi Ubungo kugombania siti kwa nauli za sikukuu, na hela ya ndege iko kwa mdaiwa. Aliyeumia zaidi ni yule aliyefuata masharti yote, akawahi kulipa. Wiki hiyohiyo ya Krismasi Airbus mpya ya ATCL ikatua Dar kwa shangwe.

Je, bei ya chee itarudi? Kenya wana Jambojet tangu Aprili 2014, na bado inapaa. Lakini ina mgongo wa Kenya Airways, na ilitoka kwenye Boeing ikahamia ndege za pangaboi, zinazokula mafuta kidogo kwa safari fupi. Fastjet ilianza na ndege kubwa kwenye soko lililokuwa bado linajifunza kufunga mkanda.

Kwa Tanzania mshindani mpya anatembea chini. Treni ya SGR ilipofika Dodoma 2024, nauli ya kawaida kutoka Dar iliwekwa Sh 31,000. Buku moja pungufu ya ile tiketi ya 2012, na safari hii ni kwa kila abiria wa kawaida, si kwa wachache waliowahi. Reli ikikamilika mpaka Mwanza, anayetaka kuuza ndege ya bei poa kwenye njia hiyo atapaswa kueleza kwa nini mtu apande yake. Songea, Kigoma, Mtwara, ambako SGR haijafika, huko bado kuna mtu anaamka saa tisa usiku kuwahi basi.