Daftari la Sindano

Ukifungua simu yako leo jioni hutakosa kumwona mtu akizungumzia peptidi. Kuna za kupunguza uzito, kuna za kujenga misuli, na kuna programu za kukukumbusha siku ya sindano, kiasi cha dawa na upande wa tumbo uliodunga juzi. Watu huongea kana kwamba mambo haya yameanza juzi. Kumbe insulini ni peptidi pia, mnyororo wa amino asidi 51, na watu wamekuwa wakijipangia ratiba yake jikoni na vyumbani kwa zaidi ya miaka 100. Hadithi ya ugunduzi wake imesimuliwa sana. Mimi nimekuwa nikifuatilia kitu kidogo kilichoandamana nayo: daftari.

Kwa kweli daftari liliitangulia dawa. Kabla ya 1922, mtoto aliyeshikwa na aina ya kisukari inayoanza utotoni hakuwa na tiba. Daktari mmoja Mmarekani, Frederick Allen, aliona kwamba mgonjwa akila kidogo sana ataishi muda mrefu kidogo. Basi kila kitu kikawa kinapimwa kwa mizani na kuandikwa. Yaani mtoto analala njaa, lakini kwa hesabu.

Elizabeth Hughes alikuwa mmoja wao. Aliugua akiwa na miaka 11, mwaka 1919, na baba yake, Charles Evans Hughes, baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Cheo hakikumsaidia kula. Alipofikishwa Toronto, Kanada, Agosti 1922, alikuwa anakaribia kufikisha miaka 15 na uzito wake ulikuwa kama kilo 20. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Hebu piga hesabu.

Huko Toronto, Frederick Banting na wenzake walikuwa wametoa dawa kutoka kwenye kongosho la mifugo. Januari mwaka huo walikuwa wamemdunga mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufua dafu na ilimwachia jipu. Kemia wao, James Collip, akaisafisha dawa, na tarehe 23 Januari wakajaribu tena. Sukari ikashuka.

Elizabeth alipoanza sindano alianza pia kula mkate na viazi, na barua alizomwandikia mama yake zimejaa chakula. Anaeleza alichokula, alichodungwa na jinsi anavyoongezeka uzito. Nimezisoma kidogo kidogo mtandaoni, maana ziko kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Toronto, na zinanivutia kuliko ripoti yoyote ya daktari. Ni rekodi ya dawa iliyoandikwa na mtu mwenye furaha, kwa mtu anayempenda. Maisha yake yaliyobaki, hadi kifo chake mwaka 1981, alificha ugonjwa huo kwa karibu kila mtu na kuondoa habari zake kwenye kumbukumbu za familia alipoweza. Nitalirudia hilo la kuficha.

Tatizo la miezi ile ya kwanza lilikuwa kwamba dawa haikuwa na kipimo. Chupa ya leo ingeweza kuwa kali mara kadhaa kuliko ya jana, na zote zina rangi moja. Sasa utaandikaje ratiba? Ukiandika "sentimita moja ya ujazo" hujaandika kitu. Suluhisho lilikuwa sungura. Walimchukua sungura wa kilo 2, wakamnyima chakula saa 24, wakamdunga, wakaangalia ni dawa kiasi gani itashusha sukari yake ya damu hadi kiwango walichokiweka, karibu na kile ambacho sungura huanza kutetemeka na kupoteza fahamu. Hicho kikawa yuniti moja. Kilipoonekana kikubwa mno kwa binadamu, wakakigawa kwa tatu. Kwa hivyo kila bibi na kila mtoto anayevuta "yuniti kumi" kwenye sindano leo, anahesabu theluthi za sungura wa Toronto. Sijui kama kuna kipimo kingine cha hospitali chenye asili ya ajabu hivyo.

Kipimo cha dawa kikapatikana. Kupima mwili ndiko kulikobaki kwa kubahatisha. Nyumbani watu walipima mkojo, na hapa kila aliyefanya Baiolojia ya KCSE ataitambua kazi yenyewe: ile rangi ya buluu ya Benedict, unachanganya, unachemsha, unangoja igeuke kijani, njano, rangi ya chungwa au nyekundu ya tofali. Sisi tulifanya na juisi ya matunda. Akina mama wa miaka ya 1920 walifanya na mkojo wa watoto wao, mara kadhaa kwa siku, kisha wanaandika rangi. Shida ni kwamba mkojo unakupa habari za saa kadhaa zilizopita. Sukari ikishuka kupita kiasi, ambayo ndiyo hatari ya haraka, mkojo haukuambii kitu. Unabaki buluu, mzuri, na mtoto anatokwa jasho.

Huko Boston kulikuwa na Elliott Joslin, daktari aliyeweka madaftari makubwa ya wagonjwa wake tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1918 alichapisha kitabu cha mwongozo kwa daktari na mgonjwa pamoja. Alishikilia kwamba mgonjwa afundishwe kupima, kudunga na kuandika mwenyewe. Wazo zuri. Lakini Joslin alikuwa mtu wa nidhamu kali, na kwa mikono ya watu kama yeye daftari lilianza kunuka shule. Namba nzuri ni mtoto mzuri.

Ratiba yenyewe ilibadilishwa na samaki. Insulini ya mwanzo ilifanya kazi saa chache tu, kwa hivyo sindano zilifuata milo. Mwaka 1936, Hans Christian Hagedorn wa Denmark aliichanganya na protamini, protini inayotoka kwenye shahawa za samaki, ikawa inaachiliwa polepole. Mchanganyiko wa ukoo huo bado uko kwenye friji nyingi hapa Kenya, ile chupa yenye ukungu mweupe ambayo lazima uiviringishe viganjani kabla ya kuvuta. Sindano mbili, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni.

Halafu kuna Richard Bernstein. Huyu alikuwa injinia wa New York aliyekuwa na kisukari tangu umri wa miaka 12. Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine ya kupima sukari kwenye damu, kitu cha zaidi ya kilo moja kilichouzwa kwa madaktari na hospitali pekee. Mke wake alikuwa daktari. Akainunua kwa jina la mke. Akaanza kujipima karibu mara tano kwa siku, akaandika, akagundua sukari yake inapanda na kushuka kama matatu ya Rongai. Akabadilisha dozi na chakula mpaka ikatulia. Alipoandika makala, majarida ya madaktari yaliikataa. Ikabidi aingie chuo cha udaktari akiwa na miaka zaidi ya 40 ndipo asikilizwe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo habari hiyo inanichekesha na kunikera kwa wakati mmoja.

Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, wenye watu 1,441, ulionyesha kwamba kupima mara nyingi na kurekebisha dozi hupunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Bei yake ilikuwa kwamba sukari ilishuka vibaya mara tatu zaidi. Hata hivyo, utafiti ninaoukumbuka zaidi ni mdogo, wa 1984. Watafiti waliwapa wagonjwa mashine zenye kumbukumbu ndani, bila kuwaambia. Kisha wakalinganisha na madaftari. Wengi walikuwa wameandika namba nzuri kuliko za mashine. Wengine waliandika namba za vipimo ambavyo havikuwahi kufanyika.

Hapo ndipo ninamfikiria shosho yangu. Ana miaka 74, anaishi Kahawa West, na daftari lake ni la mistari, kurasa 96. Mwaka jana nililipitia usiku wa kuamkia kliniki: 6.8, 7.1, 6.9, 7.0. Nikabonyeza kumbukumbu ya mashine. Kulikuwa na 14.2, kulikuwa na 3.1, na kulikuwa na wiki nzima bila kitu.

"Shosho, hii 14 mbona hujaandika?"

"Nikiandika kumi na nne ataniuliza nimekula nini. Nitamwambia nini? Ati nilienda ruracio nikakaa kama mgeni?"

Na ile wiki tupu?

"Stripu ni pesa, baba. Nilikuwa naziweka."

Ile 3.1 ndiyo ilinitoa usingizi. Kwa namba za daftari, daktari angeona dozi ya jioni ni sawa au hata angeiongeza, na shosho hulala peke yake. Hakuwa anamdanganya mtu kwa ubaya. Alikuwa anajaza karatasi ya mtihani.

Sasa tumepanga ratiba kulingana na stripu zilizopo: Jumatatu na Jumamosi asubuhi, Jumatano kabla ya kulala, na saa yoyote akihisi jasho. Daftari lina safu nne: saa, yuniti, namba, na ya mwisho isiyo na kichwa. Humo anaandika anachotaka, kwa Kikuyu, kwa kalamu nyekundu. Chai ya sukari kwa mama fulani. Miguu inawaka. Mvua, sikwenda kanisani. Ndiyo safu aliyoijaza zaidi, na ndiyo inayoeleza zile namba.

Kliniki ni Alhamisi ijayo. Anataka ninakili safu tatu za kwanza kwenye daftari jipya. Bado tunabishana.