Mshipi na Mshipa

Kwetu Tumbe, kaskazini mwa Pemba, uzi wa kuvulia ni mshipi, na karibu kila kinachopita mwilini mfano wa uzi ni mshipa. Njia ya damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Kano, ile kamba inayokunja kidole, nayo ni mshipa. Hata ngiri wazee huiita mshipa. Watu wameishi na neno hilo vizuri tu. Shida huanza pale kisu cha kupasulia samaki kinapoteleza kikakata kano.

Mpaka katikati ya karne ya 20, madaktari wenyewe walizikwepa kano za vidole. Kuanzia juu ya kiganja hadi katikati ya kidole, kano mbili hupita ndani ya ala moja nyembamba. Sterling Bunnell, daktari wa upasuaji wa San Francisco, aliiita sehemu hiyo ardhi isiyo na mwenyewe. Ukishona pale kovu hunasa, kidole hakikunjiki tena. Ushauri ulikuwa kufunga ngozi tu, kisha kupandikiza kano nyingine baadaye.

Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, walieleza matokeo yao ya kushona mapema, na wengi wakawatilia shaka. Siri haikuwa mshono peke yake. Mkono uliwekwa ndani ya banzi, ukucha ukafungwa mpira mwembamba unaokivuta kidole kikunjike, na mgonjwa akawa na kazi ya kukinyoosha mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku. Nusu ya tiba ikahamia nyumbani kwake.

Ami yangu alishonwa kano ya kidole cha shahada. Anasoma Kurani, anasoma gazeti, kwa hiyo nisisikie mtu akisema tatizo lilikuwa kutojua kusoma. Karatasi aliyopewa ilimtaka afanye mazoezi na asifanye kazi nzito. Aliisoma. Mazoezi, kwake, ni mpira wa jioni. Kazi nzito ni kubeba gunia la karafuu. Wiki ya 3 kidonda kilikuwa kimekauka, na kwa mtu aliyechomwa na miba ya tasi tangu utoto, kidonda kikikauka ndiyo kupona. Wiki ya 5 akaenda kuvua. Kuvuta mshipi, nani anakuita kazi nzito? Changu alipokamata, kano ikakatika tena. Kano iliyoshonwa hungojewa kama wiki 12 kabla ya kubebeshwa mzigo wa kweli, lakini hilo yeye alilijua baadaye.

Jirani yetu alikatwa na panga. Yeye alilosikia ni "usiutumie mkono", akaufunga kanga miezi 2 bila kuugusa. Vidole vikakakamaa. Wote wawili walitii.

Nadhani tumefikishwa hapa na historia yetu ya tiba, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia njema. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu Zanzibar yalifanywa bure, na tangu miaka hiyo ya 1960 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija, mara nyingi wakizungumza na mgonjwa kupitia mkalimani. Tulizoea tiba ya kupokea: sindano, kidonge, chanjo, chandarua. Unapokea, unashukuru, unarudi nyumbani. Aliyeshonwa kano akirudi nyumbani ndiyo kwanza anaanza.

Nimewahi kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo akilieleza jambo hili kwa wavuvi bila kutaja kano. Alichukua mshipi, akaufunga fundo, akaupitisha ndani ya mrija wa kalamu. Fundo lisipotembea, alisema, litagandia humo. Ukilivuta kwa nguvu litafumuka. Kisha akawapa mshipi na mrija, akawataka wamweleze yeye.